Picha imeganda, au treni haijaja? Utatuzi wa matatizo ya kamera za reli

Mjomba wangu alikuwa dereva wa treni Reli ya Kati. Alipostaafu alibaki Tabora, na siku hizi anachoendesha ni remoti. Kila alasiri anafungua, kwenye intaneti, kamera inayoonyesha reli mubashara ya Rochelle, mji mdogo wa Illinois, Marekani, ambako reli ya Union Pacific na reli ya BNSF zinakatana kama msalaba, na hapo haondoki mpaka usingizi umzidi. Mimi niko Morogoro, natengeneza kompyuta na simu. Kwa hiyo kitu kikikwama, simu inaita.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa wangu. Reli ya Wamarekani imeharibika tena."

Haijawahi kuharibika hata siku moja. Nimeyajibu malalamiko yake, na ya wateja wangu kadhaa wenye ugonjwa huohuo wa treni, mpaka nimegundua ni yaleyale yanayojirudia. Hapa nimeyapanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, chanzo kinachotokea mara nyingi kinatangulia, na kile adimu kiko mwisho.

KABLA HUJAGUSA KITU

Fanya vipimo viwili. Cha kwanza: tazama saa iliyoandikwa kwenye pembe ya picha. Kamera nyingi za reli zinayo, na sekunde zake zinaonekana. Zikitembea, picha ni nzima. Kama hakuna saa, tafuta kitu chepesi: jani, bendera, gari linalopita barabarani.

Cha pili: fungua kamera nyingine ya haohao wanaorusha. Ikionyesha vizuri, tatizo liko kule kwenye kamera ya kwanza, na wewe huna la kufanya ila kusubiri. Zikigoma zote, fungua video nyingine yoyote isiyohusu reli. Hiyo nayo ikigoma, tatizo liko kwako. Vipimo hivi vinachukua dakika moja tu, na vimeniokoa na safari nyingi za bure.

DALILI: "Picha imeganda"

Chanzo namba moja ni kwamba haijaganda. Reli isiyo na treni ni kokoto, mataruma na vyuma viwili. Havitikisiki. Mjomba aliwahi kuzima na kuwasha televisheni mara nne akiitafuta picha iliyokuwa inatembea muda wote. Treni ilikuwa haijafika tu. Angalia sekunde.

Sekunde zimesimama? Huenda kidole kimegusa kitufe cha kusimamisha. Hii inatokea sana kwenye simu. Ukibonyeza kuendelea, hutarudi kwenye sasa. Utaendelea pale ulipoachia. Kwenye YouTube tafuta neno linaloonyesha kuwa matangazo ni mubashara, chini ya video. Nukta yake ikiwa nyekundu, uko sasa. Ikiwa ya kijivu, uko nyuma. Iguse, utarudishwa mbele.

Kama hukugusa kitu, funga ukurasa wote na uufungue upya. Usiishie kusimamisha na kuendelea. Ukurasa uliokaa wazi saa kumi na mbili mfululizo huchoka, hasa kwenye simu yenye kumbukumbu ndogo ambayo mfumo wake unaua programu za nyuma ili kupata nafasi.

Chanzo adimu ni kamera yenyewe kuganda huku matangazo yakiendelea. Utaitambua hivi: saa imesimama, nukta ni nyekundu, na kila mtu anaona picha hiyohiyo. Huko kuna mtu atakayekwenda kuizima na kuiwasha. Kama ni usiku kwao, ataamka asubuhi kwanza.

DALILI: "Kiduara kinazunguka tu"

Hapa watu hukimbilia kulaumu Marekani. Anza na bando.

Hesabu ni rahisi. Video inayokuja kwa megabiti 1 kwa sekunde inakula takriban MB 450 kwa saa. Ikija kwa megabiti 4, ni GB 1.8 kwa saa. Mtu anayetazama saa sita kwa siku kwa kasi hiyo ya pili amemaliza karibu GB 11, na jioni yake ataniambia mtandao ni mbovu. Kamera ya reli ni mtego wa bando kwa sababu haina mwisho. Filamu huisha, mpira huisha, lakini reli inaendelea hata ukisinzia.

Bando likiwepo, shusha ubora wa picha. Bonyeza alama ya gia, chagua 480p, au 360p kwenye simu ndogo. Usiuache kwenye "otomatiki" kama mtandao wako unapanda na kushuka. Kila unapobadilika, picha inasita. Afadhali picha ya wastani inayotembea kuliko picha kali inayokata pumzi pale treni inapoingia.

Na kuna jambo wengi hawalijui: picha ya reli tupu ni nyepesi kutuma kwa sababu hakuna kinachobadilika. Treni ikipita, kila kitu kinabadilika kwa pamoja, na data inayohitajika inaongezeka ghafla. Ndiyo maana mtandao dhaifu unavumilia dakika arobaini za kokoto kisha unakwama sekunde ileile ya kichwa cha treni. Hiyo si bahati mbaya yako, na dawa yake ni ileile ya kushusha ubora.

Ikiendelea, hamia kwenye Wi-Fi yenyewe. Ruta iliyofichwa nyuma ya kabati la vyombo haitafanya kazi yake. Isogeze mahali pa wazi, juu kidogo. Kama ina masafa mawili, yale ya 5 GHz yana kasi zaidi lakini hayapendi kuta nene. Yale ya 2.4 GHz yanafika mbali ila yanagombana na vifaa vingine, ikiwemo oveni ya maikrowevu. Zima ruta, hesabu mpaka thelathini, iwashe. Kwa televisheni iliyo karibu na ruta, waya wa mtandao unamaliza ubishi wote.

Mwisho kabisa ni njia kuu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikayumba. Tanzania tuliumia sana. Siku kama hiyo hata uhamishe ruta mpaka kwenye paa, haitasaidia. Ukiona majirani wenye mitandao tofauti wote wanalia, acha.

Acha na umpigie mtoa huduma wako ikiwa: taa ya intaneti kwenye ruta ni nyekundu au imezimika baada ya kuwasha upya, au kasi imekuwa ndogo siku tatu mfululizo kwa vifaa vyote. Usifungue kisanduku cha waya kilicho ukutani, wala usikunje ule waya mwembamba wa faiba. Ndani yake kuna kioo.

DALILI: "Nimeweka linki, sasa inasema video haipo"

Hii ni ya kila mwezi. Matangazo mubashara yakikatika na kuanzishwa upya, mara nyingi hupewa anwani mpya. Linki uliyohifadhi mwaka jana ilikuwa ya matangazo yale, siyo ya kamera. Usihifadhi video, hifadhi ukurasa wa chaneli, halafu chagua kamera kutoka kwenye orodha yao ya mubashara.

Chanzo cha pili: kamera imehamishiwa kwa wanachama wanaolipia. Hilo ni la kawaida, kamera na umeme vinagharimu. Cha tatu: dhoruba ya radi imepiga kule, na wameichomoa makusudi.

Jihadhari na hii. Kuna kurasa zinazonakili picha za kamera mashuhuri, kisha zinakwambia usakinishe "kichezeshi" kipya au uweke namba ya kadi ya benki "kuthibitisha umri". Funga hapohapo. Ukiwa umeshasakinisha kitu, usiingie tena kwenye pesa za simu wala benki kwa kifaa hicho mpaka fundi akisafishe. Ukiwa umeshaweka namba ya kadi, ipigie benki leo, isiwe kesho.

DALILI: "Giza tupu"

Swali la kwanza ninalomuuliza mjomba: huko saa ngapi?

Rochelle iko nyuma yetu kwa saa 8 wakati wa kiangazi chao, saa 9 wakati wa baridi. Raha ni kwamba hesabu hii unaweza kuifanya kwa saa za Kiswahili bila kubadilisha chochote. Saa 9 alasiri hapa, toa 8, unapata saa 1 asubuhi kule. Tatizo linakuja pale unaposoma saa ya kwenye picha. Imeandikwa 7:00 AM, na mtu aliyezoea saa zetu anaona saba, anaongeza nane, anapotea. Kwanza igeuze iwe saa 1 asubuhi, ndipo ufanye hesabu.

Kwa hiyo mtu anayefungua kamera saa 4 asubuhi yetu anaangalia saa 8 za usiku wa manane. Mwezi Juni mwanga wa Rochelle unaanza yapata saa 7 na nusu mchana yetu na kuendelea karibu usiku kucha. Desemba ni mfupi: kuanzia saa 10 na robo alasiri hadi saa 7 na nusu usiku, takriban. Jioni zetu ndizo zinazofaa mwaka mzima.

Usiku kamera nyingine huhamia kwenye picha nyeusi na nyeupe kwa kutumia mwanga usioonekana kwa macho. Rangi zikipotea jioni yao, usipige simu. Na taa za kichwa cha treni zikija moja kwa moja, picha yote inageuka nyeupe kwa sekunde chache. Hiyo ni kamera inajirekebisha.

Kama ni mchana kule na sauti unaisikia lakini picha ni nyeusi, basi ni kivinjari chako. Kisasishe kwanza, kisha jaribu kivinjari kingine. Ikikubali huko, rudi kwenye mipangilio ya kile cha kwanza uzime sehemu inayotumia kadi ya picha kuongeza kasi. Kwenye televisheni ya zamani huenda programu imeachwa kusasishwa na haitakubali tena kamwe. Usinunue televisheni mpya. Unganisha kompyuta kwa waya wa HDMI.

DALILI: "Treni hazipiti"

Hapa ndipo penye utamu, kwa sababu chanzo karibu kila mara ni matarajio.

Mjomba alisubiri treni ya abiria Rochelle kwa wiki nzima. Alikuwa amevaa miwani kabisa. Haipo. Amtrak, kampuni ya treni za abiria ya Marekani, haipiti pale. Ni mizigo mitupu: kontena zilizopandishwa mbili mbili, nafaka, makaa, magari. Ukitaka abiria, nenda La Plata, Missouri, kwenye reli ya BNSF inayopitisha treni ya abiria iitwayo Southwest Chief kati ya Chicago na Los Angeles. Inayokwenda magharibi ni namba 3, inayokwenda mashariki ni namba 4. Kwa sisi namba 4 ndiyo yenye huruma: inapita La Plata asubuhi yao, na huku inakuwa jioni. Namba 3 inapita jioni yao, wakati sisi tumelala. Au nenda Ashland, Virginia, ambako reli inapita katikati ya barabara kuu ya mji, mbele ya maduka, na abiria wanashukia hapohapo. Hapo tofauti ya saa ni 7 kiangazi na 8 baridi.

Chanzo cha pili: treni za mizigo za Marekani hazina ratiba inayotangazwa kwa umma. Zinaweza kupita tano kwa saa moja kisha kimya. Mafundi wa reli nao hufunga njia mchana ili kufanya matengenezo, na treni zinazozuiliwa huja baadaye kwa mkupuo. Ukiona magari ya matengenezo yenye magurudumu ya reli yanapita, kapike chai.

Cha tatu: kubadilisha saa. Sisi hatubadilishi. Wamarekani husogeza mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwa mtazamaji wa Tabora maana yake ni kwamba Machi treni "inawahi" kwa saa nzima, na Novemba "inachelewa". Uingereza na Ulaya hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, kwa hiyo kuna wiki chache ambapo hesabu zako zote za nchi mbili zimechanganyika. Andika kwenye kalenda ya ukutani.

Cha nne: kuchelewa kwa kweli. Amtrak inatumia reli za kampuni za mizigo sehemu kubwa ya nchi, na kuchelewa ni sehemu ya safari. Kabla ya kulaumu kamera, fungua ramani ya kufuatilia treni kwenye tovuti ya Amtrak uone namba 4 iko wapi. Uingereza mambo ni mepesi zaidi: data za reli ziko wazi, na tovuti kama Realtime Trains zinaonyesha hata treni nyingi za mizigo, dakika kwa dakika. Lakini tarehe 25 Desemba Uingereza usiangalie kabisa. Karibu hakuna treni inayotembea siku hiyo.

DALILI: "Sina sauti", au sauti haifuatani na picha

Vivinjari huanzisha video ikiwa bubu kwa makusudi. Tafuta spika iliyokatwa mstari, iguse. Baadaye angalia kama simu haijaunganishwa na spika ya Bluetooth iliyoko chumba kingine. Nimeikuta spika ya mteja ikipiga honi ya Illinois chini ya kitanda. Baadhi ya kamera hazina maikrofoni kabisa, kwa heshima ya watu wanaopita. Nyingine hubadilishana sauti ya reli na redio ya mawasiliano. Ukisikia sauti ya roboti inahesabu ekseli, siyo virusi. Ni kifaa cha kando ya reli kinachokagua treni kama ina ekseli yenye moto kupita kiasi, kisha kinatangaza.

Sauti ikitangulia picha, funga na ufungue upya. Kama unatumia spika ya Bluetooth na sauti inachelewa kila mara, spika ndiyo mchelewaji.

Vifaa viwili vikionyesha treni moja kwa nyakati tofauti, hakuna kilichoharibika. Matangazo mubashara huchelewa sekunde kadhaa, wakati mwingine nusu dakika au zaidi, na kila kifaa kina akiba yake. Ndiyo maana mtu mwingine anaweza kukutangazia treni ambayo wewe hujaiona.

DALILI: Ukungu, uzi, au mnyama mwenye miguu minane

Buibui. Taa za usiku za kamera huvutia wadudu, wadudu humvutia buibui, naye anatandaza wavu mbele ya kioo. Asubuhi huonekana kama kamba nene zinazopepea juu ya reli. Matone ya mvua na mvuke wa alfajiri navyo vipo. Usipanguse televisheni. Mjomba ameshapangusa.

LINI UACHE NA KUMWITA FUNDI

Haya siyo mambo ya treni tena, lakini yanawapata wanaotazama muda mrefu. Simu ikiwa ya moto mkononi huku inachaji na kurusha video, ichomoe na uipumzishe. Betri ikianza kuvimba, mfuniko ukinyanyuka au kioo kikitengana, izime na usiichaji tena. Usiitoboe, usiibane irudi. Plagi ya televisheni ikiwa ya moto au ikinuka plastiki, zima swichi kuu kwanza, kisha mwite fundi umeme. Televisheni yenyewe usiifungue hata ikiwa imechomolewa. Ndani yake kuna umeme unaobaki. Radi ikianza, chomoa ruta na televisheni, na usipande darini kushika antena.

DALILI: "Honi inalia, treni siioni"

Hii nimeiweka mwisho kwa sababu haina dawa. Marekani dereva anapokaribia makutano ya reli na barabara hupiga honi ndefu, ndefu, fupi, ndefu, na sauti hiyo inasafiri mbali kuliko lenzi inavyoona. Huenda treni bado iko nje ya mji. Huenda kamera imegeuzwa upande mwingine na mtu anayeiongoza akiwa mbali, au treni iko kwenye ile reli ya pili ya msalaba ambayo picha inaikata pembeni.

Juzi jioni nilikuwa Tabora, nikachukua remoti nihamie kamera nyingine. Mjomba alinishika mkono. Honi ilikuwa imelia mara mbili, picha ni kokoto tu.

"Iache. Vichwa viwili, kontena, na amepakia mzigo kamili."

Tukangoja dakika tatu. Vilikuwa vichwa vitatu.